Shamba la Cheptiret laweza 'kuhamia' Somalia: tatizo la miraba bapa juu ya dunia ya mviringo

Menya chungwa, kisha ujaribu kulilaza ganda lake juu ya meza. Ama litapasuka, ama litakunjamana. Mwaka 1827 mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alithibitisha kwamba hakuna ujanja wa kuepuka jambo hilo: uso wa tufe haulazwi bapa pasipo kuvutwa au kubanwa mahali fulani.

Wasanifu wa michoro ya kompyuta hukumbana na kanuni hiyo kila wanapouvisha mpira mchoro wa miraba. Miraba hukaa sawa katikati, lakini husongamana kwenye ncha. Watengenezaji wa ramani za kidijitali nao hawakuepuka, ila kosa lao hugusa mali ya watu.

Mfumo unaotumika sana, UTM, huigawa dunia katika kanda 60, kila moja ikiwa na upana wa digrii 6 za longitudo, mithili ya vipande vya chungwa. Kila ukanda hulazwa peke yake na kuchorewa miraba ya mita, hivyo mvutano hubaki mdogo. Cheptiret, iliyo kando ya barabara kuu ya Eldoret kuelekea Nakuru, imo katika ukanda wa 36. Ukanda huo huishia longitudo ya 36 mashariki, ambayo msafiri huivuka kabla tu ya kufika Nakuru, jiji lililomo katika ukanda wa 37.

Hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa namba za mahali hurudiwa zilezile katika kila ukanda. Mnunuzi anayeingiza namba za shamba la Cheptiret kwenye kompyuta, kisha akachagua ukanda wa 37, ataliona shamba hilo nchini Somalia, zaidi ya kilomita 660 upande wa mashariki.

Kosa kubwa namna hiyo hugunduliwa upesi. Lenye hatari zaidi ni dogo. Ramani nyingi za zamani za serikali zilichorwa kwa kufuata kipimo cha umbo la dunia kiitwacho Arc 1960, ilhali simu hutumia WGS84. Hapa nchini, vipimo hivyo hutofautiana kwa takriban mita 300, umbali unaotosha kulipeleka shamba la ekari moja hadi kwa jirani wa tatu au wa nne.

Kwa hivyo, anayeletewa namba za shamba na aulize kabla ya kulipa: ni za ukanda upi, na zimefuata kipimo kipi? Kisha amwite mpimaji ardhi mwenye leseni, wakutane shambani penyewe.