Chupa tatu za Naguru: ipi tumpe mtoto?

Mwezi huu tunawaletea habari ya vinywaji vya mizizi. Mama wengi hapa kwetu wanavitengeneza ili wapate hela ya sabuni na madaftari, na watoto wetu ndio wanunuzi wakubwa.

Tulikwenda kuvionja Naguru, kile kilima cha mashariki ya Kampala, juu ya barabara ya Jinja. Soko la Nakawa liko hapo chini, kwa hiyo nanasi na tangawizi hazisumbui kupata. Ndugu zetu waliohamia mjini wanapika vinywaji na kuviuza katika chupa za soda zilizooshwa. Tulichukua chupa tatu za mama watatu, tukatoa maksi kama darasani: harufu 5, ladha 5, gesi 5, usafi 5. Jumla 20. Usafi tuliuuliza kwanza, kabla ya kuonja. Tulikubaliana kwamba anayepata sifuri ya usafi hafaulu, hata kama mengine yote ni mazuri.

Chupa ya kwanza ilikuwa munanansi, kinywaji ambacho Waganda wanakijua sana. Maganda ya nanasi yaliyooshwa, tangawizi iliyopondwa na majani ya chai kidogo vinachemshwa pamoja, vinachujwa, vinatiwa sukari na kuachwa vipoe. Maji yote yalikuwa yamechemka. Harufu ni ya nanasi lililoiva, na tangawizi inachoma koo pole pole. Gesi ilikuwa kidogo mno. Tukaipa 16.

Ya pili ilikuwa tangawizi na mulondo. Mulondo ni mzizi wa mmea unaotambaa juu ya miti. Wakenya wa Kakamega wanauita mukombero. Wachuuzi wa Kampala wanautembeza mkononi wakisema unaongeza nguvu za kiume. Hayo hatukuyapima! Harufu yake inafanana na vanila. Ukiutafuna, uchungu unatangulia, halafu utamu unabaki mdomoni.

Wamarekani nao wana soda yao ya mizizi, root beer, ambayo Charles Hires aliitangaza katika maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876. Zamani ilipata ladha yake kutoka mzizi wa mti uitwao sassafras. Baadaye ikaonekana kwamba mafuta ya mzizi huo, safroli, yanaleta saratani ya ini kwa panya, na mwaka 1960 serikali yao ikakataza yasitiwe katika chakula. Basi mtu akikuambia, "Hii ni ya asili, haina madhara," usitosheke na hapo.

Chupa hii ilikuwa imekaa siku tatu. Hamira hula sukari, ikatoa gesi na pombe. Ukiibonyeza chupa ilikuwa ngumu kama jiwe, na tulipofungua povu likafika mezani. Ladha nzuri kabisa, lakini pombe ilinukia. Tukaipa 14, na pembeni tukaandika: siyo ya watoto. Angalieni pia: kinywaji kinachochachuka msikifunge katika chupa ya kioo, inaweza kupasuka.

Ya tatu ilikuwa tangawizi na limau. Rangi safi, harufu 5 juu ya 5, na hapo mtaani ndiyo inayokwisha mapema kuliko zote. Tukamuuliza mama kuhusu maji. Alituambia ukweli: anachemsha sufuria moja nzito, halafu anaongeza maji ya jerikani, hayajachemshwa, ili kinywaji kiwe kingi. Makaa ni ghali. Usafi tukampa 0, na chupa hatukuinywa.

Mama alihuzunika. Alisema hakuna mteja aliyewahi kulalamika, na fedha hiyo ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Tulimwelewa. Lakini homa ya matumbo kwa kawaida huchukua wiki moja hadi tatu kabla ya kuonekana. Mtoto anaugua, na hakuna anayekumbuka ile chupa. Kati ya Januari na Juni 2015 Kampala ilipata mlipuko wa ugonjwa huu, waliodhaniwa kuugua wakapita 10,000, na uchunguzi ulionyesha chanzo ni maji machafu na vinywaji vya kuuzwa mitaani. Kidudu hicho hakina ladha. Limau haliondoi, barafu haiui.

Tulimshauri achemshe maji jioni, chakula kikishaiva na makaa bado yana moto, ayafunike katika chombo safi hadi asubuhi. Kinywaji kitapungua kidogo, lakini ataweza kumpa mtoto wake mwenyewe bila wasiwasi.

Ninyi wazazi, kabla ya kununua, mwulizeni mwuzaji mambo matatu: kimetengenezwa lini, kuna mizizi gani ndani, na maji yote yamechemshwa au sehemu tu? Muulize kwa heshima, maana huyo ni jirani. Asipojibu, rudisheni chupa.