Bangkok na begi mgongoni

Karibu na Jumba la Kifalme la Bangkok dereva wa tuk-tuk aliniambia: «Leo wamefunga. Panda, nikupeleke kwenye duka la vito, bei ndogo.» Ni mtego wa zamani, dereva hupewa chake dukani. Jua lilikuwa kali, begi zito, na nilishaweka mguu ndani. Mama muuza matunda akatikisa kichwa tu. Nikashuka. Getini palikuwa wazi! Nikajifunga kitenge, maana magoti wazi hayaruhusiwi, nikaingia.

Jioni nilishuka mto Chao Phraya kwa mashua hadi Yaowarat, mtaa wa Wachina. Huko wamama wanakaanga tambi kando ya barabara mpaka usiku sana. Nilikula sahani mbili, begi bado mgongoni.