Jicho la Bwana Msa kwenye makaburi ya Wabajuni

Maiti ya Bwana Ali inakutwa mzimuni, na watu wanashikwa na woga. Ndivyo Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari, anavyoifungua fumbo riwaya yake ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Bwana Msa, mvuta kiko, haogopi; anauliza. Mzimu humo ni pazia: mahali panapoogopwa hapachunguzwi, na mwenye siri hupata maficho.

Wasafiri wa bahari kati ya Lamu na Kismayuu wanazijua sehemu za namna hiyo. Katika visiwa vya Wabajuni, Koyama, Chovai na Chula, na bara huko Bur Gao, yamebaki magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Wengine husema ni makao ya majini. Lakini likisomwa kwa jicho la Bwana Msa, kaburi la nguzo linasema mambo ya sokoni. Katika miji mingi ya Waswahili makaburi kama hayo yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina, yaliyopita mikono ya wafanyabiashara wengi kabla ya kupachikwa ukutani. Mpita njia alitakiwa ajue kuwa marehemu alijuana na watu wa mbali. Ni risiti ya mawe, ukitaka kutania.

Shida ni mashahidi. Vita vilivyoanza 1991 viliwafukuza Wabajuni wengi, wakiwamo wazee waliojua kaburi lipi ni la ukoo gani. Bwana Msa angeanza kwa kuwatafuta hao, Mombasa, kabla hajagusa jiwe.