Kasi ya Vihariri vya Matini na Utenganishaji wa Vikao vya Kazi

Makala hii inadhamiria kufafanua jambo ambalo wanafunzi wengi wa Kiswahili hulipuuza kwa kudhani ni la wanasayansi wa tarakilishi peke yao: kwa nini programu ya kuandikia huchelewa kufunguka, na ni kwa njia gani kazi mbili au tatu za muda mrefu zinaweza kuhaririwa sambamba bila moja kuiangamiza nyingine. Sikulifikia suala hili kwa kusoma vitabu, bali kwa hasara.

Nilikuwa nyumbani Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, mbele ya Kyuso ukitokea Mwingi. Nilikuwa na kazi mbili mikononi: tasnifu yangu, na unukuzi wa ngano za Kikamba nilizokuwa nimezirekodi kwa wazee pamoja na tafsiri zake. Tarakilishi ilikuwa kuukuu, yenye kumbukumbu ya megabaiti 512, na umeme wake ulitoka kwenye betri iliyochajiwa kwa sola. Kwa kuwa kila programu ya ofisi ilipojihifadhi yenyewe mashine ilikwama kwa muda, niliuzima uhifadhi huo ili niandike kwa kasi. Alasiri moja betri iliisha. Ngano niliyoinukuu tangu asubuhi ilipotea yote, na kanda yake nilikuwa nimekwisha kuirekodia hadithi nyingine. Nilirudi kwa nyanya aliyenisimulia, naye kwa hisani akanisimulia tena. Lakini ngano ya pili haikuwa ile ya kwanza, na msomaji wa fasihi simulizi anajua ni kwa nini.

Tangu hapo niliacha programu ya ofisi, nikageukia kihariri cha matini, yaani programu inayoshughulikia maandishi matupu bila mapambo ya kurasa. Faili la maandishi matupu hufunguka katika mashine yoyote, na iwapo limehifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8, irabu za Kikamba ĩ na ũ hubaki salama.

Suala la kasi lina historia ndefu. Bill Joy alipoandika kihariri cha vi huko Berkeley, Marekani, mnamo mwaka 1976, aliunganishwa na tarakilishi kwa simu iliyopitisha biti 300 kwa sekunde, takribani herufi 30. Skrini ya mistari 24 yenye nafasi 80 kila mmoja ina nafasi 1,920. Kuijaza yote kungemgharimu zaidi ya dakika nzima. Ndiyo maana amri za vi ni fupi mno, aghalabu herufi moja au mbili. Ukata wa njia ya mawasiliano ndio uliounda sarufi ya chombo. Mwaka huohuo, Richard Stallman na wenzake katika chuo cha MIT walitengeneza Emacs ya kwanza, wao wakiwa na mashine zilizounganishwa kwa njia za kasi kubwa zaidi, nayo ikakua na kunenepa jinsi mazingira yake yalivyoruhusu.

Mrithi mashuhuri wa vi ni Vim, aliyoitoa Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991. Msomaji wa Afrika Mashariki atakayeifungua bila faili atakutana na ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Moolenaar aliishi Kibaale, kusini mwa Uganda, kwa muda wa mwaka mmoja hivi kuanzia 1994, akishughulikia maji na usafi katika kituo cha watoto, kisha akaanzisha shirika la kuwachangia. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023, na ombi lake limedumu ndani ya programu inayotumiwa duniani kote.

Je, kihariri huchelewa kwa nini? Mara nyingi kosa si la kihariri chenyewe. Kinapoamka husoma faili la mipangilio, hupakia nyongeza moja baada ya nyingine, hutafuta kamusi ya tahajia, na pengine hurejesha mafaili ya jana. Vim ina amri ya kujipima: vim --startuptime muda.txt huandika kila hatua na milisekunde zake. Nilipoipima yangu, niligundua kuwa sehemu kubwa ya muda ililiwa na nyongeza mbili ambazo hata sikuwa nikizitumia. Nikazifuta.

Njia ya pili ni kukiacha kihariri kikiwa macho. Emacs, kuanzia toleo la 23 la mwaka 2009, inaweza kuamshwa mara moja nyuma ya pazia, ikapakia kila kitu, kisha ikangoja. Kila unapotaka kuandika, programu ndogo iitwayo emacsclient hufungua dirisha papo hapo, kwa kuwa kazi nzito imekwisha kufanyika. Mtendaji huyu wa nyuma ya pazia huitwa kwa Kiingereza kwa jina la pepo. Wataalamu wa MIT waliliazima mwaka 1963 kutokana na kiumbe wa kidhahania wa mwanafizikia Maxwell, ambaye hupanga chembe bila kupumzika. Tukimwita pepo au jini kwa Kiswahili, msomaji wetu atafikiria mganga kabla ya kufikiria tarakilishi. Mimi humwita mhudumu, na muda wake wa kukaa kazini nauita kikao, kwa kuwa kitenzi -kaa kinabeba maana ya kudumu mahali, ambayo neno kipindi halina.

Hapa ndipo penye mtego. Mhudumu mmoja akihudumia kazi zote, basi kazi zote zina shingo moja. Kwa sehemu kubwa Emacs hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Ikiwa inatafuta neno katika faili kubwa la unukuzi, dirisha la tasnifu nalo huganda. Akifa mhudumu, vyote huanguka. Dawa yake ni kuwapa wahudumu majina: emacs --daemon=tasnifu na emacs --daemon=ngano, kisha kuita anayetakiwa kwa emacsclient -c -s ngano. Kila mmoja ana mafaili yake na historia yake. Gharama ni kumbukumbu, maana kila kikao hubeba mzigo wake kamili. Kwa mashine kama yangu, viwili vilitosha.

Tahadhari moja: faili lilelile lisifunguliwe katika vikao viwili, kwani atakayehifadhi mwisho anaweza kuyafuta ya mwenzake. Vim hulitambua jambo hili na kuonya, kwa sababu kila faili linalohaririwa huwa na faili jingine la akiba kando yake.

Faili hilo la akiba ndilo lingaliniokoa. Isipobadilishiwa mipangilio, Vim huandika mabadiliko diskini kila baada ya herufi 200, au mwandishi anapotulia kwa sekunde 4. Emacs nayo hufanya hivyo kila baada ya vibonyezo 300 au sekunde 30 hivi za utulivu. Kikao kinachoendelea kwa wiki nzima si hifadhi. Kiko kwenye kumbukumbu ya muda, na umeme ukienda nacho huenda. Kilichoko diskini ndicho hubaki.

Kwa anayeweza kuifikia seva ya mbali kwa intaneti, ipo njia nyingine. GNU Screen, ya mwaka 1987, na tmux, ya mwaka 2007, hukiweka kikao kwenye seva yenyewe. Ukiandika tmux new -s ngano ukiwa Tseikuru, kisha mtandao ukakatika au betri ikaisha, kihariri huendelea kukaa kilipo. Mawasiliano yakirudi, tmux attach -t ngano hukurejesha kwenye sentensi uliyoiacha, hata kishale kikiwa palepale.

Ngano ya pili ya nyanya sasa imo katika kikao chake, kanda yake haijarekodiwa chochote juu yake, na betri inapofifia huandika :w kabla ya kufunika mashine. Siku niliyochelewa, niliwasha asubuhi yake, nikaandika vim -r na jina la faili, nikakuta pengo la nusu ya sentensi.