Mwanasayansi Chipukizi na Ualimu wa Chuo Kikuu

Wanafunzi wengi wa shule za sekondari hudhani kwamba mtu akishapata shahada ya juu ya sayansi, basi tayari amekuwa mwalimu wa chuo kikuu. Dhana hiyo si sahihi. Mwalimu wa sekondari husomea ualimu: hufunzwa saikolojia ya elimu na mbinu za kufundishia, kisha hupelekwa darasani kufanya mazoezi chini ya uangalizi. Lakini mtaalamu wa elimuviumbe aingiapo chuo kikuu, mara nyingi amefunzwa jambo moja tu, nalo ni utafiti. Aweza kuwa bingwa wa vimelea vya malaria au wa samaki wa Ziwa Viktoria, na hata hivyo hajawahi kusimama mbele ya wanafunzi kuwaeleza jinsi seli inavyojigawa. Je, ujuzi wa kufundisha ataupata wapi?

Kupanda ngazi

Katika vyuo vikuu vya Tanzania njia ya kawaida ni kupanda ngazi. Kijana aliyehitimu shahada ya kwanza kwa kiwango cha juu huajiriwa kuwa mkufunzi msaidizi. Akipata shahada ya uzamili huwa mhadhiri msaidizi, na akipata ya uzamivu huweza kuwa mhadhiri.

Utaratibu huu una historia yake. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo cha sheria peke yake. Kitivo cha Sayansi kilifuata mwaka 1965, na mwaka 1970 chuo hicho kikawa chuo kikuu kamili. Katika miaka hiyo ya mwanzo walimu wengi walikuwa wageni, kwa hiyo hapakuwa na budi kuwalea vijana wa nchi. Vijana hao walisaidia kufundisha, wakapelekwa kusoma zaidi, kisha wakarudi kushika nafasi zao.

Maabara ndiyo shule ya kwanza

Mkufunzi msaidizi hakabidhiwi mihadhara yote siku ya kwanza. Huanzia katika mazoezi ya maabara. Tuchukue mfano wa zoezi linalojulikana sana, la kutazama mgawanyiko wa seli katika ncha ya mzizi wa kitunguu. Mizizi huoteshwa juu ya maji kwa siku chache. Ncha zake hukatwa na kuhifadhiwa katika mchanganyiko wa alkoholi na asidi ya asetiki, kisha hulainishwa kwa asidi ya haidrokloriki yenye joto la nyuzi 60 za Sentigredi. Baadaye hutiwa rangi, hufunikwa kwa kioo chembamba na kubonyezwa kwa kidole gumba, ndipo zitazamwe kwa hadubini.

Kwa maneno, zoezi hili ni jepesi. Kwa vitendo lina mitego. Ncha ikikaa katika asidi kwa muda mfupi mno, seli hazitengani. Ikikaa mno, huharibika. Kwa sababu hiyo mkufunzi mwangalifu hulifanya zoezi lote mwenyewe kabla ya siku ya somo, akishirikiana na fundi wa maabara.

Hata hivyo mtego mkubwa zaidi haumo katika asidi. Wakati wowote ule, seli nyingi za ncha ya mzizi haziko katika hatua za kujigawa. Mwanafunzi hutazama, haoni kromosomu 16 zilizojipanga kama zilivyo kitabuni, naye huona haya kusema kwamba hakuona kitu. Hufungua kitabu cha kiada na kunakili mchoro. Mkufunzi mgeni wa kazi huusahihisha mchoro huo na kuusifu. Mkufunzi mzoefu huketi kando ya mwanafunzi na kumwambia, “Nionyeshe seli hii ilipo.” Kwa swali hilo moja mwanafunzi hufundishwa kwamba sayansi ni kusema kile kilichoonekana. Ujuzi wa kuuliza swali kama hilo haupatikani kwa kusoma tasnifu. Hupatikana kwa kukaa na wanafunzi.

Mhadhara peke yake hautoshi

Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 kuhusu ufundishaji wa sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Katika madarasa ya mhadhara mtupu walishindwa wanafunzi wapatao 34 kati ya kila 100. Katika madarasa yaliyowashirikisha wanafunzi kwa maswali, mijadala na mazoezi walishindwa wapatao 22.

Wapo wanaohofu kwamba ualimu humwibia mtafiti kijana muda wake. Ni kweli kwamba saa za kusahihisha kazi ni nyingi. Lakini mwaka 2011 David Feldon na wenzake, pia nchini Marekani, walilinganisha maandiko ya utafiti ya wanafunzi 95 wa shahada za juu, mwanzoni na mwishoni mwa mwaka wa masomo. Waliofundisha huku wakifanya utafiti waliendelea zaidi ya waliofanya utafiti tu, katika kubuni nadharia tete zinazoweza kupimwa na katika kupanga majaribio. Si ajabu, kwani amwelezaye mwenzake hulazimika kwanza kujieleza mwenyewe.

Yampasayo kijana

Basi yafaa mwanasayansi chipukizi, hata akiwa masomoni ng’ambo, aombe kusimamia mazoezi ya maabara. Aombe kutoa mhadhara mmoja au miwili huku mwalimu mzoefu ameketi nyuma akimsikiliza. Atunge maswali ya mtihani pamoja na mwongozo wa kusahihishia. Na aandike katika daftari ni wapi wanafunzi walikwama, na kwa nini.

Jambo hili haliishii chuoni. Miongoni mwa wanafunzi wa elimuviumbe wa chuo kikuu wamo walimu wa kesho wa shule za sekondari. Mwanafunzi aliyezoezwa kunakili mchoro atakwenda kuwazoeza wengine kunakili. Aliyeulizwa “Nionyeshe seli hii ilipo” atakwenda kuuliza swali hilo hilo katika darasa lake.