Je, Wajua? Rekodi ya Shabiki Klabuni, Kutoka San Francisco Hadi Kondele

Je, wajua kwamba mapenzi ya kunasa onyesho jukwaani yana umri sawa na reli ya Kisumu? Reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Viktoria Desemba 1901, Kisumu ikiitwa Port Florence. Miaka hiyohiyo, kati ya 1901 na 1903, Lionel Mapleson, mkutubi wa jumba la opera la Metropolitan jijini New York, alikuwa akirekodi waimbaji wakiwa kazini kwa mashine ya Edison iliyochora sauti kwenye mitungi ya nta. Mitungi ile inakwaruza vibaya, lakini hadi leo watafiti wanaithamini kuliko dhahabu, kwa sababu msanii aliye mbele ya watu huimba tofauti na msanii aliye peke yake studio.

Je, wajua kwamba Metallica, bendi kubwa kuliko zote katika muziki wa metali, ilijulikana kwa kaseti za kunakiliana kabla ya kutoa albamu hata moja? Kanda yao ya majaribio ya 1982, No Life 'til Leather, ilisafiri kwa posta kutoka shabiki hadi shabiki. Novemba mwaka huohuo walipiga katika klabu ya Old Waldorf, San Francisco, na rekodi ya usiku ule ikapita njia ileile. Tangu 2004 bendi hiyo inauza rekodi za maonyesho yake mtandaoni.

Je, wajua kwamba Mike Millard, shabiki wa Los Angeles, aliingiza mashine yake ya kurekodia ukumbini akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu ili walinzi wasiione? Rekodi yake ya Led Zeppelin ya Juni 1977 bado inahesabiwa miongoni mwa rekodi bora kabisa zilizowahi kutoka upande wa watazamaji. Wanabendi wa Grateful Dead waliona heri wasipigane na watu wa namna hiyo: mwaka 1984 wakawatengea sehemu yao rasmi ukumbini.

Je, wajua kwamba Kenya nayo ina metali yake, na kwamba sehemu ya historia hiyo imeandikwa kando ya ziwa letu? Wanabendi wa Duma, Martin Kanja na Sam Karugu, walitokea katika bendi za roki nzito za Nairobi. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka Agosti 2020, ilirekodiwa Kampala kwa jamaa wa lebo ya Nyege Nyege, watu walewale walioanzisha tamasha la Jinja, Uganda, pale Nile inapoagana na ziwa.

Kisumu yenyewe inatambulika kwa benga na ohangla, miziki ya Waluo. Na hapo ndipo rekodi ya shabiki ina kazi kubwa zaidi, nitakueleza kwa nini.

Je, wajua kwamba santuri ya inchi saba, iliyoijenga benga, ilibeba takriban dakika tano tu kila upande? Ndiyo maana santuri nyingi za zamani zina Sehemu ya Kwanza upande mmoja na ya Pili upande wa pili. Wimbo ulikatwa katikati, ukageuzwa, ukaendelea. Klabuni hakuna anayegeuza kitu. Gitaa la solo likishika kasi baada ya mashairi, na besi ikaingia chini yake, wimbo huohuo unaweza kwenda robo saa au zaidi, kutegemea wachezaji wana nguvu gani. Anayeijua benga kwa santuri pekee ameijua nusu.

Na je, wajua kuhusu pakruok? Katika onyesho la ohangla au benga, mteja humtunza mwanamuziki pesa, muziki hupunguzwa au kusimamishwa, naye mteja hujisifu: mtoto wa nani, kutoka kijiji gani, shemeji wa nani, rafiki yake nani, na anajilinganisha na mnyama au samaki yupi. Kisha ngoma inarudi kwa kishindo. Studio nayo hutaja majina ya wafadhili, lakini hufanya hivyo kwa mpango na kwa ufupi. Ukumbini maneno yanatoka papo hapo, watu wanacheka, mwingine anajibu akiwa upande wa pili. Kwa maoni yangu, dakika hizo ndizo za thamani zaidi katika rekodi yoyote ya shabiki kutoka Kondele hapa Kisumu, Homa Bay au Siaya. Zinahifadhi lugha, majina ya utani na udugu wa watu ambao hawakuwahi kuingia studio. Cha kusikitisha, ndizo wengi huzifuta ili kubakiza wimbo mtupu.

Je, wajua kwamba mpiga nyatiti, chombo cha nyuzi cha Waluo, huwa na chuma mguuni? Pete ya chuma, oduong'o, huvaliwa kwenye kidole cha mguu na kugongwa kwenye ubao wa chombo, huku njuga za gara zikilia mguuni. Nyuzi nane, sauti, chuma na njuga, vyote kutoka kwa mtu mmoja aliyekaa chini. Ukiweka maikrofoni mdomoni mwake tu, mapigo yote yamepotea. Ishushe.

Hugh Tracey, mtafiti aliyerekodi muziki wa Afrika, alilijua hilo. Alipozunguka Afrika Mashariki mwaka 1950 na 1952, alishika maikrofoni kwa mkono wake, akiisogeza kwa kila anayeimba au kupiga kwa zamu, na jenereta yake akaiacha mbali ili isingurume ndani ya kanda. Kule Kapkatet, katika nyanda za Kericho, alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha, wimbo uliotokana na santuri za Mmarekani Jimmie Rodgers. Zaidi ya miaka 60 baadaye, Ketebul Music ya Tabu Osusa, mradi wa Singing Wells na maktaba ya muziki ya ILAM ya Afrika Kusini walishirikiana kuzirudisha rekodi za Tracey kwa wenyewe.

Je, wajua kwamba sauti husafiri mita 346 hivi kwa sekunde kwenye joto la nyuzi 25? Ukisimama mita 35 kutoka jukwaani, utaona fimbo ikipiga ngoma, na mlio utakufikia sehemu moja ya kumi ya sekunde baadaye.

Paa la mabati na kuta za simiti hurudisha sauti, lakini miili ya watu huimeza. Ukumbi uliokuwa na mwangwi mkali saa kumi na mbili jioni unaweza kusikika vizuri sana saa tano usiku ukiwa umejaa. Mahali pazuri pa kurekodia ni karibu na meza ya fundi mitambo, maana fundi anasawazisha muziki kwa masikio yaliyopo pale. Ukikaa miguuni mwa spika utapata besi tupu. Ukiwa Dunga au ufuo mwingine wowote, funika maikrofoni kwa sifongo au soksi nyembamba, kwani upepo wa ziwa ukiipiga moja kwa moja hufunika kila kitu.

Je, wajua kwamba umeme una saini yake? Mlio wa chini unaosikika kwenye spika zetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Wa Marekani ni 60. Mtaalamu anaweza kutumia mlio huo kujua kanda imetoka upande gani wa dunia.

Maikrofoni mbili zikiachana sentimita 17, karibu upana wa kichwa cha mtu, na kuelekea pande mbili kwa pembe ya nyuzi 110, hutoa picha ya sauti inayofanana na ile inayopokelewa na masikio. Mbinu hiyo ilitoka katika redio ya taifa ya Ufaransa. Kwa simu, jambo la kwanza ni kuzima kile kipengele kinachopandisha na kushusha sauti chenyewe, kisha uache kiwango chini ya alama nyekundu. Sauti iliyopasuka kidijitali haishoneki. Rekodi isiyobanwa, WAV, hula takriban megabaiti 10 kwa dakika, kwa hiyo onyesho la saa mbili ni gigabaiti 1.2. Nafasi hiyo ni ndogo siku hizi.

Linda masikio pia. Desibeli 85 zinavumilika kwa saa nane. Kwa desibeli 100, ambazo klabu nyingi huzifikia, kipimo cha usalama ni dakika 15 tu, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka 100 kuwa kikomo cha wastani katika kumbi za burudani.

Je, wajua kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa msanii haki ya kuamua nani arekodi onyesho lake? Kununua kiingilio si kununua ruhusa. Zungumza na kiongozi wa bendi kabla ya kuanza. Ukimwahidi nakala, wengi hukubali.

Mkongwe wa benga Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, mzaliwa wa Shirati, Tanzania, alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006. Musa Juma wa Limpopo International alifariki Mombasa, Machi 2011. Waliwachezesha watu usiku baada ya usiku kwa miaka mingi, na usiku huo mwingi haukuwa na mashine yoyote mbele yao, isipokuwa pale shabiki alipobeba redio-kaseti yake.

Kama una kaseti ya namna hiyo kabatini, itoe wiki hii, kabla utepe haujashikana kwa joto na unyevu. Igeuze iwe faili, iweke mahali pawili, na uandike tarehe, ukumbi, jina la bendi na la kila mpiga chombo unayemkumbuka. Pakruok usiifute. Kisha wapelekee nakala wanamuziki wenyewe au familia zao.