Kupima Maji Bandarini Malindi

Maji ya bahari ya Unguja hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvu tofauti ya maji makuu na maji makavu yaweza kufika kadiri ya mita 4. Nahodha atakaye kuingia bandarini Malindi hana budi kujua kina, kwa maana akikosea nusu mita tu chombo chaweza kukwama. Njia nyepesi ya kupima maji ni kusimamisha baharini mti uliotiwa alama, kisha kusoma maji yamefika alama gani. Lakini kazi hiyo ina makosa ya namna mbili, wala dawa yake si moja.

La kwanza ni la mawimbi. Tuseme mtu asoma sentimita 212, akitazama tena aona 204, kisha 209, kisha 207. Ipi ni kweli? Na azijumlishe zote, apate 832, kisha azigawanye kwa 4: wastani ni 208. Yaliyozidi na yaliyopungua huondoana, na kadiri asomavyo mara nyingi ndivyo akaribiavyo kweli. Wanafunzi wengine huona haya hesabu zao zisipolingana, hata wakazifuta wakabakiza moja. Kosa hilo lapita la wimbi!

Iko na hila nyingine. Husimamishwa bomba lenye tundu dogo chini, na ndani yake huelea boya. Wimbi hupita upesi, halina nafasi ya kupenya. Lakini maji yajaayo polepole kwa muda wa saa sita hupenya, na boya hupanda nayo bila kutikisika.

Kosa la pili ndilo baya, kwa kuwa hujificha. Mti ukididimia matopeni sentimita 5, kila hesabu huzidi 5. Hata ukisomwa mara mia, wastani nao umezidi 5, naye nahodha hudhani ana maji asiyokuwa nayo. Dawa yake ni kuweka alama imara katika nchi kavu, na kuulinganisha mti na alama hiyo mara kwa mara.

Kumbukumbu za kipimo cha maji cha bandari ya Unguja zaanza mwaka 1984. Siku hizi bahari za dunia hupanda, kwa wastani, milimita 3 hadi 4 kila mwaka. Kipimo kikididimia kadiri hiyo hiyo, na alama ya nchi kavu isitazamwe, daftari litaonyesha bahari imepanda mara mbili ya ilivyopanda.